Kampuni Ilipoikana Mashine Yetu ya Mkanda

Barua pepe ile niliisoma Jumatatu asubuhi, kabla hata sijafungua madirisha ya ofisi. Ilitoka kwa kampuni iliyotengeneza mashine yetu ya mkanda, na ilianza na "Mteja wetu mpendwa", maneno yaliyonitia wasiwasi papo hapo, maana miaka yote tuliyokuwa wateja wao hawakuwahi kutuandikia kwamba wanatupenda. Aya ya pili ikaeleza sababu ya mapenzi hayo. Mashine za aina yetu zimezeeka, na ifikapo mwisho wa mwaka kampuni itaacha kuzihudumia. Hakutakuwa na vipuri, wala fundi wa kuulizwa. Walitushukuru kwa uaminifu wetu, wakatushauri tununue mpya.

Niliisoma mara tatu. Halafu nikageuka kuitazama mashine yenyewe, iliyotulia juu ya meza yake chini ya kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu, nikaona aibu, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika hospitali ya misheni huku Karagwe. Nilianza kazi tukiandika kila kitu kwenye madaftari makubwa, kisha akaja Mzungu mmoja wa kujitolea, mrefu mpaka akawa anainama kila mlangoni, akatuletea kompyuta na ile mashine. Kazi ya mashine ni kutunza nakala za akiba. Kaseti moja, nene, ya mraba, inayojaa kiganja, inaingizwa kwenye mdomo wa mashine. Mashine inaivuta kwa pupa, inasaga na kukoroma kwa saa mbili, kisha inaitema. Ndani ya kaseti kuna mkanda, na kwenye mkanda kuna hospitali nzima: nani alilazwa, nani alipona, nani alizaliwa siku gani. Kila Ijumaa kabla ya chakula cha mchana niliilisha mkanda mmoja, nikauandika tarehe, nikaufungia kwenye kabati la chuma.

Mzungu aliponifundisha alisema, "Hospitali ikiungua moto, mkanda utatuokoa."

Nikamwuliza, "Na kabati je? Si liko chumba hiki hiki?"

Alifikiri, akacheka, akaniambia kila mwezi niwe napeleka mkanda mmoja nyumbani. Basi tangu siku hiyo kumbukumbu za wagonjwa wa Karagwe nzima zikawa zinalala kwenye sanduku langu la vitenge, na mume wangu kila akitafuta shuka anauliza kama ameruhusiwa kuigusa hospitali.

Shida kubwa ya mashine ilikuwa jina. Mkanda kwa Kiswahili ni vitu vingi mno. Mwaka wa pili niliandika maombi ya mikanda kumi, na afisa ugavi, mtu mwaminifu sana, akarudi kutoka mnadani na mikanda kumi ya suruali, ya ngozi, yenye vichwa vya simba kwenye bizimu za chuma. Aliniambia kwamba ameteua mirefu kwa sababu sikutaja viuno. Mpaka leo walinzi wetu wote wanavaa simba.

Kwa hiyo ningepaswa kujua. Lakini asubuhi ile nilimpelekea katibu wa hospitali barua ya kampuni, naye katibu wetu ni mtu anayependa uwazi kuliko kitu chochote. Alikaa akaisoma, akavua miwani.

"Mama, hili ni la watumishi wote. Liandike kwa Kiswahili, libandike ubaoni."

"Katibu, hii ni habari ya mashine moja tu. Wengine haiwahusu."

"Uwazi, mama. Uwazi."

Nikaandika. Tangazo lenyewe nalikumbuka neno kwa neno, kwa kuwa nililazimika kulieleza mara nyingi baadaye: "Watumishi wote mnajulishwa kuwa ifikapo mwisho wa mwaka huu, msaada kwa mashine za mkanda za zamani utasitishwa. Zilizopo zitaendelea kutumika kadiri ya uwezo wake." Nikalibandika kwa pini nne, nikarudi ofisini nikijiona nimefanya kazi safi.

Saa nne wauguzi walikuwa wanasema msaada unasitishwa. Saa sita jikoni walikuwa wanasema wafadhili wanaondoka. Saa nane habari ilifika chumba cha kufulia, na huko ilikuwa imeshabadilika kabisa: wa zamani wote wataendelea kadiri ya uwezo wao, na ikifika mwisho wa mwaka basi.

Mama wa chumba cha kufulia ndiye mtumishi mkongwe kuliko wote. Alifua mashuka ya hospitali ile kabla baadhi ya madaktari wetu hawajazaliwa, na wengine alizifua nepi zao. Aliingia ofisini kwangu mikono ikiwa bado na povu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nieleze vizuri. Nani amesema mimi nimezeeka?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mama."

"Umeandika wewe. Nimesomewa. Za zamani zitatumika kadiri ya uwezo wake." Akanionyesha mikono. "Huu uwezo una kasoro gani? Jana nimekamua mablanketi ya wodi ya wanaume peke yangu!"

Nilimshika mkono, povu na vyote, nikampeleka mezani, nikaivua mashine kitambaa. "Ni huyu, mama. Huyu ndiye aliyezeeka."

Aliitazama kwa muda, akaizunguka. Akainama kuisikiliza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu aliyefika kwenye msiba, "Sasa watamfukuza?"

"Hawamfukuzi. Ila akiugua, waliomtengeneza hawatakuja."

"Na siku zote akiugua huwa wanakuja?"

Ikabidi nimwambie ukweli. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona mtu wa kampuni ile kwa macho. Mara moja tu niliwaandikia mashine ikiwa imegoma, wakanijibu niizime, nihesabu mpaka thelathini, niiwashe. Ilifanya kazi, nami niliwashukuru. Lakini kuja hawakuja.

"Basi hakuna kilichobadilika," akasema mama, akajifuta povu kwenye aproni, akaondoka akiwa amepona kabisa. Mimi ndiye niliyebaki na dukuduku.

Kesho yake nilikuta mzee amekaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, kavaa koti na kofia, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa ametoka Kihanga alfajiri kwa bodaboda. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia amewahi foleni.

"Foleni ya nini, mzee wangu?"

"Ya mashine ya mkanda. Tumesikia jana jioni kanisani inafungwa mwisho wa mwaka. Nikasema ngoja niwahi, maana huu wangu unanitesa wiki ya pili sasa." Akaanza kufungua vifungo vya shati, na kabla sijamzuia nikauona: malengelenge mekundu yaliyozunguka ubavu mmoja mpaka mgongoni. Mkanda wa jeshi.

Nilimweleza kwamba mashine yangu haitibu. Alinisikiliza kwa heshima, ila nilimwona ananishuku kwamba naiweka kwa ajili ya watu wangu. Ikabidi nimwongoze mwenyewe mpaka kwa daktari, akapewa dawa za maumivu na za kupaka, na alipotoka alipitia dirishani kwangu kuniaga. Aliiona mashine ndani, imefunikwa kitambaa.

"Kumbe ni ndogo hivyo," akasema. "Mimi ningeenea kweli humo?"

Katibu akaitisha kikao cha watumishi wote ili kuondoa utata. Nilisimama mbele na barua mkononi nikaeleza kila kitu kuanzia mwanzo: mashine ni ya kutunza nakala, haitibu mtu, iliyozeeka ni yenyewe peke yake, wafadhili hawajaenda popote. Mlinzi mmoja aliuliza kama mikanda ya simba nayo itarudishwa. Katibu alisema swali hilo litajibiwa kwa maandishi. Mwishoni tulikubaliana jambo moja la maana, nalo ni kwamba mikanda yote ya zamani ihamishiwe kwenye diski mpya kabla mwaka haujaisha, maana mashine za siku hizi hazisomi mikanda ya umri wetu. Yetu ikifa, kila kilichomo kwenye kabati kitakuwa kaseti nyeusi tu za kupanga dirishani.

Wiki ileile ndipo alipokuja mama wa Igurwa.

Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, wa umri kama wa dada yangu mkubwa, na alikuja na binti yake, mdogo wa mwili, mpole, aliyekuwa anatazama chini muda mwingi. Mama alibeba kapu lenye kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya kunukia kisha ikakaushwa, akanimiminia kiganjani kabla hajasema shida. Huku kwetu ukishapewa kahawa ya kutafuna huwezi tena kumwambia mtu arudi kesho.

"Mwanangu," akasema, "huyu anaolewa. Na kabla ya kuolewa anataka kitambulisho cha taifa. Kila tukienda ofisini tunaambiwa leteni karatasi. Baba yangu mimi alikuja kwa miguu kutoka Rwanda, nikazaliwa Igurwa, na huyu nimemzaa hapa hapa kwenu, wodi ile yenye mlango wa bluu. Mvua ilikuwa inanyesha. Naomba karatasi ya mvua ile."

Nilijua bila kuangalia kwamba daftari la miaka hiyo halipo. Mchwa walilila zamani, wakaacha jalada. Lakini nilijua pia kwamba kabla mchwa hawajafika, yule Mzungu na wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kuyanakili madaftari yote ya wazazi kwenye kompyuta. Kompyuta ile nayo ilikufa, na miaka hiyo ikabaki kwenye mikanda peke yake, kila mwaka na mkanda wake. Nikamwambia mama asiwe na hofu. Nikamwuliza mwaka. Akautaja bila kusita. Nikafungua kabati, nikautafuta mkanda wenye mwaka huo, nikaulisha kwenye mashine mbele yao kwa mbwembwe kidogo, sikatai.

Mashine ikauvuta. Ikasaga. Ikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama mtu anayemeza mfupa wa samaki, ikanyamaza. Taa ya kijani ikawa ya rangi ya chungwa.

"Amemeza," akasema mama wa Igurwa.

Nilibonyeza kitufe cha kutolea. Haikutoa. Nikaizima, nikahesabu mpaka thelathini, mama akihesabu pamoja nami kwa sauti, nikaiwasha. Taa ikabaki vilevile. Binti alinyanyua macho kwa mara ya kwanza, akaniuliza taratibu, "Dada, mimi ndiye niliyemo humo?"

Niliwaandikia kampuni siku hiyohiyo. Mwaka ulikuwa haujaisha, bado tulikuwa wateja wapendwa. Walijibu baada ya siku tisa wakitaka namba iliyoandikwa chini ya mashine. Nikawatumia. Wakajibu kwamba fundi wao wa karibu yuko katika nchi ambayo nililazimika kuitafuta kwenye ramani, na wakaniuliza kama ninaweza kuwapelekea mashine huko kwa gharama zangu. Katibu alipoisoma akasema tu, "Uwazi wao ni mzuri," akarudisha karatasi.

Siku zote hizo mama wa Igurwa alikuwa anakuja. Hakuwa analalamika. Anakaa kwenye benchi, anasalimia wapita njia, ananiuliza kupitia dirishani, "Hajatapika?" Namjibu bado. Siku nyingine analeta ndizi. Nilianza kupita mlango wa nyuma.

Kilichotuokoa ni kwamba nilikumbuka mashine zililetwa mbili. Enzi hizo Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja, na yule Mzungu aliipeleka ya pili kituo kimoja cha afya upande wa kule, akiahidi kuwa kompyuta yake itafuata. Haikufuata. Nikapiga simu huku na huku, mpaka mhudumu mmoja mstaafu akaniambia kwamba kituo kilipohamia jengo jipya vitu visivyotumika viligawiwa, na kiboksi cha namna hiyo alikiona mara ya mwisho Rubwera, nyuma ya maofisi ya wilaya ya Kyerwa, kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati.

Nilikwenda Rubwera siku ya Jumatano, nikashukia stendi, nikachukua bodaboda hadi maofisini. Kibanda cha mama chai kilikuwa kimejaa watumishi wa wilaya waliotoka kunywa chai ya saa nne. Niliketi, nikaagiza chai, nikaanza kuchungulia chini ya meza. Watu wakaanza kunitazama. Kwenye meza ya mwisho, ile yenye jiko na sufuria kubwa, mguu mmoja ulikuwa mfupi, na chini ya mguu huo ilikuwepo: ileile, rangi ileile, mdomo umejaa unga.

Nilipiga magoti nikaufuta mdomo kwa kidole.

"Wewe mama, umeangusha nini?" mwenye kibanda akauliza.

"Sijaangusha. Nimekipata." Nikamweleza. Nilieleza kila kitu, hospitali, kampuni, binti wa Igurwa, na watumishi wote wa wilaya wakaacha chapati wakasikiliza. Nilipomaliza, mmoja akasema kwamba mambo ya nchi hii ndivyo yalivyo, na mwingine akasema apewe tu.

Mwenye kibanda hakuwa na haraka. "Miaka sita kimenishikia sufuria hii," akasema. "Nilijaribu tofali, likawa refu. Nikajaribu kipande cha mti, mchwa. Hiki ndicho kilicholingana. Ukikichukua, chai ya wilaya nzima itamwagika."

"Nikikuletea kitu cha kimo hichohicho?"

"Kimo hichohicho kabisa?"

Tukapima kwa vidole vyake, siyo vyangu, kwa maana alisema vyangu ni vya mtu wa ofisini. Vikawa vidole sita na kucha. Nilitembea maduka yote ya Rubwera na kijiti cha kimo hicho mkononi, nikiwauliza wenye maduka kama wana kitu cha vidole sita na kucha. Mwisho fundi seremala mmoja alinichongea kigogo cha mkaratusi, akakipaka oili chafu dhidi ya mchwa. Nilirudi nacho kibandani. Watumishi wawili wa idara sijui gani waliinua meza, mwingine akashika sufuria, mama mwenyewe akapiga magoti, akachomoa mashine na kusukuma kigogo mahali pake. Meza ikatua. Chai ikatikisika, ikatulia. Watu wakapiga makofi, nami nikaondoka na mashine nimeipakata kwenye kanga kama mtoto aliyetoka kliniki.

Nilitumia siku nzima kuisafisha kwa brashi ya rangi na pamba ya wodini. Tulifungua ile ya kwetu kwa bisibisi, tukautoa mkanda kooni taratibu, nikaukunjua ulipojikunja. Ijumaa nikawaita mama na binti. Nikaupachika mkanda kwenye mashine ya Rubwera, nikawasha, nikafumba macho. Ikakohoa unga kidogo. Ikasaga. Taa ikawa ya kijani, na orodha ya watoto waliozaliwa mwaka ule ikaanza kuteremka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, na majina ya mama zao na vijiji vyao.

Mama wa Igurwa alishangilia kwa vigelegele mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Lakini binti hakuwemo. Nilitafuta kwa jina la mama, nikatafuta kwa kijiji, nikasoma mwaka mzima mstari kwa mstari. Walikuwemo watoto wanne wa Igurwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa yeye. Nilihisi machozi yananilenga. Binti alisema polepole, "Haidhuru, dada, umejitahidi," na hilo ndilo lililonivunja zaidi.

Mama alikuwa amenyamaza. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Alikuwa anatazama dari. Kisha akatoa noti kwenye pindo la kitenge, akampa binti. "Nenda getini ukamnunulie dada maandazi. Chagua ya moto."

Binti alipotoka, mama akaniambia nifunge mlango.

"Mwanangu," akanong'ona, "rudi nyuma mitatu."

"Mitatu nini, mama?"

"Miaka. Toa mitatu kwenye ule niliokutajia."

Nilimkodolea macho. Akaniambia. Alipojifungua mapacha, huyu ndiye aliyemsaidia kuwalea, akabaki nyumbani miaka mitatu wenzake wakienda shule. Alipompeleka darasa la kwanza alikuwa na miaka kumi, na mwalimu mkuu alikuwa ameshawarudisha wakubwa wawili asubuhi ileile. "Mtoto alikuwa na mwili mdogo. Mwalimu akaniuliza, huyu ana miaka mingapi? Nikafungua mdomo, ikatoka saba. Akaandika saba. Basi ikawa saba."

"Na yeye mwenyewe?"

"Nilikuwa nitamwambia." Akafikiri. "Akimaliza darasa la saba. Halafu ikapita."

Nikaenda kabatini, nikachukua mkanda wa miaka mitatu nyuma. Mashine ya Rubwera iliupokea bila neno. Na pale, ukurasa wa nne, wakati wa masika, akawepo: mtoto wa kike, uzito wake, jina la mama, Igurwa. Pembeni mwanafunzi aliyenakili alikuwa ameandika hata maelezo ya muuguzi: "Mama ameongea muda wote."

Hatukusikia mlango ukifunguliwa. Binti alisimama nyuma yetu na maandazi kwenye gazeti, akisoma.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni wewe," mama akajibu.

"Mimi wa lini?" Akasogea karibu na kioo. Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja, wa pili, akarudia. "Mama. Mimi nina miaka thelathini na moja?"

"Unaonekana mdogo, mwanangu. Kila mtu anasema."

"Mama! Mimi nina ishirini na nane! Mwaka jana nimetimiza ishirini na saba, ukanichinjia kuku!"

"Kuku alikuwa wa kweli," mama akasema.

Nilitamani niingie chini ya meza. Binti aliweka maandazi juu ya meza, akakaa, akasimama, akakaa tena. Halafu likamjia lililo kubwa zaidi, nikaliona likimjia usoni. "Mchumba wangu ana ishirini na tisa," akasema. "Siku zote ananiambia wewe mdogo, nisikilize."

Mama aliniinamia sikioni. "Hiyo mashine haiwezi kupunguza kidogo?"

"Haiwezi, mama. Yenyewe inasema kilichoandikwa."

"Hata mmoja?"

Nilichapa karatasi, katibu akatia sahihi na mhuri. Nilisimama dirishani nikawatazama wakiondoka. Binti alikuwa mbele, yule mpole aliyekuwa anatazama chini, sasa anakwenda hatua ndefu, karatasi mkononi. Mama nyuma na kapu lake, anamwita, na binti hageuki. Walipofika getini niliona binti amesimama kumngojea avuke barabara. Kisha akaendelea mbele.

Tulimaliza kuhamisha mikanda yote wiki mbili kabla ya Krismasi. Mwaka ukaisha, kampuni ikatuacha kama ilivyoahidi, na mashine ya Rubwera haikuonyesha dalili yoyote kwamba imepata habari.

Mwezi wa pili binti alikuja kuniona, peke yake, na kadi ya mwaliko wa harusi. Kitambulisho alikuwa ameshapewa namba yake. Alikaa, akachukua kahawa ya kutafuna niliyomkaribisha, na sikuweza kujizuia kuuliza kama alimwambia mchumba.

"Nilikaa nalo mwezi mzima," akasema. "Nikamwandalia chakula kizuri, akala. Nikampa karatasi yako. Akasoma, akahesabu, akakunja karatasi vizuri, akanirudishia."

"Akasemaje?"

"Akasimama, akavua kofia, akaniambia, 'Shikamoo.'"

"Na wewe?"

Alijaribu kuzuia kicheko lakini kikamtoka, akafunika mdomo kwa kadi ya harusi.

"Ningefanyaje, dada? Niliitikia."